Mwanafunzi aligongwa kichwani, hakuzimia, nikamrudisha uwanjani: niwaeleze nini wazazi na makocha kuhusu mtikisiko wa ubongo?

Mwalimu wa Michezo, Kilosa

Wanajukwaa, salamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Kilosa. Swali langu lina aibu ndani yake, kwa hiyo nitaanza na aibu ili swali lenyewe lieleweke.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na mechi ya kirafiki ya kujiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, kiungo wetu, kijana wa kidato cha pili, aliruka kuuwahi mpira wa kona akagongana kichwa kwa kichwa na beki wa wapinzani, na mlio wake ulisikika hadi chini ya mwarobaini walikokaa watazamaji. Alikaa chini kidogo, tukammwagia maji kichwani, akainuka mwenyewe, akavuta soksi zake na kusema yuko sawa. Hakuzimia hata sekunde moja, hakutoka damu, na nundu yenyewe ilikuwa ndogo. Nikamruhusu aendelee. Mpira ulipoanzishwa tena alikwenda kusimama upande wa wapinzani, katikati ya mabeki wao, akisubiri pasi. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Wakati wa mapumziko aliniuliza mara tatu kama kipindi cha kwanza kimekwisha, nikadhani anaendeleza utani.

Jumatatu yake alilaza kichwa kwenye dawati wakati wa hisabati, somo analolipenda kuliko yote, na hakunakili hata mstari mmoja. Zamu ilikuwa yangu. Nilimpa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya jiko la shule, saa sita mchana, na akatapika juu ya majani aliyokuwa akiyafyeka. Bibi yake, ambaye ndiye anayemlea, alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa kwamba mjukuu wake hana tatizo kwa kuwa hakupoteza fahamu. Ni baada ya wiki nzima ya maumivu ya kichwa na hasira zisizo za kawaida yake ndipo walipokwenda hospitali kubwa, picha ya CT ikatoka safi, na daktari akawaambia kwamba ule ni mtikisiko wa ubongo.

Mkuu wa shule amenipa nusu saa kwenye mkutano wa wazazi wa mwisho wa mwezi, na makocha wa timu za kata nao wataalikwa. Ninaomba msaada wa mambo matatu. Kwanza, unamwelezaje mzazi jeraha ambalo halionekani kwa macho wala kwenye picha ya hospitali? Pili, nimesoma kwamba wataalamu huliita jeraha dogo la ubongo, na ninahofia neno "dogo" litawafanya watu warudi nyumbani wakiwa wametulia kabisa. Tatu, katika uwanja usio na daktari wala machela, nani awe na kauli ya mwisho ya kumtoa mchezaji?

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, pole, na mfikishie pole zaidi kijana pamoja na bibi yake. Mimi ni daktari wa idara ya dharura katika hospitali ya rufaa, na majeruhi wa kichwa ni sehemu kubwa ya zamu zangu, wengi wao wakiwa wametoka kwenye bodaboda. Nianze na hilo jina, kwa sababu hofu yako ni ya haki.

Neno "dogo" linatokana na kipimo cha Glasgow, ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikichapisha mwaka 1974. Majeruhi hupewa alama kwa namna anavyofumbua macho, anavyojibu anaposemeshwa na anavyosogeza viungo. Alama ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15. Mwenye 13 hadi 15 huandikwa kuwa ana jeraha dogo. Kwa hiyo "dogo" ni taarifa ya saa ile aliyopimwa, inayotusaidia sisi kuamua nani akimbizwe chumba cha upasuaji, na haisemi chochote kuhusu wiki ambazo mtu huyo atashindwa kusoma, kupika au kuendesha biashara yake. Kijana wako, pale alipokuwa akirudia swali lake mara tatu, huenda alikuwa na 14, na alipofika zahanati bila shaka alikuwa na 15. Mtu mwenye 15 anataja jina lake, anakutazama usoni, anatembea mwenyewe hadi kwenye benchi la wagonjwa, na bado mistari minne ya hesabu inamshinda. Mbele ya wazazi mimi husema "mtikisiko wa ubongo" na kuishia hapo.

Kuhusu kuwaelezea, chukua nazi kavu mbele ya mkutano, itikise karibu na sikio la mzazi mmoja, asikie maji yanavyogonga ndani huku kifuu kikiwa kizima. Mfano huo una kasoro, kwa maana ubongo haujazi nafasi yake kwa ulegevu kama maji ya nazi. Ni kitu laini kilichozungukwa na ugiligili. Lakini jambo la msingi linaeleweka: kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, kilichomo ndani huendelea na mwendo wake. Nyuzi ndogo za neva huvutika, chumvi ambazo zinapaswa kukaa ndani ya seli hutoka nje na za nje huingia, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mpangilio huo wakati ambapo damu inayoletwa imepungua. Ni tatizo la utendaji. Picha ya CT huonyesha damu iliyovuja, uvimbe mkubwa na mfupa uliovunjika, na ndiyo sababu ya kuifanya, lakini utendaji uliovurugika hauonekani humo. Picha safi maana yake ni kwamba hakuna kitu cha kupasua. Ninaomba uliseme hili polepole, kwa kuwa familia nyingi hulipia kipimo hicho kwa tabu, wakaambiwa kiko safi, wakaanza kumshuku mgonjwa kuwa anajidekeza.

Lipo jambo ambalo ningependa kila mzazi aondoke nalo hata kama atasahau mengine yote: si lazima mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Dalili zenyewe ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukizwa na mwanga na kelele, kusahau yaliyotokea muda mfupi kabla au baada ya tukio, kujibu polepole, usingizi kuvurugika, na hasira au machozi ya ghafla. Baadhi hujitokeza siku hiyohiyo, nyingine kesho yake au keshokutwa.

Kisha kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: kutapika kwa kurudiarudia, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, maji meupe au damu kutoka puani au sikioni, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, na usingizi ambao mtu haamshiki. Kwa mtoto mchanga ongeza kukataa kunyonya na kulia kusikotulizika. Hizo huweza kuashiria damu inayojikusanya ndani ya fuvu, na hapa ndipo penye mtego mbaya, kwa sababu majeruhi wa aina hiyo anaweza kuwa na saa kadhaa za nafuu, akaongea na kula, halafu akazidiwa usiku. Ndiyo maana aliyegongwa kichwa asilale peke yake chumbani usiku wa kwanza.

Nimesema asilale peke yake. Sikusema asilale. Desturi ya kumkesheza mtoto kwa kumpiga makofi mashavuni imeenea mno. Usingizi wenyewe haudhuru. Anayemlinda ahakikishe anapumua vizuri na kwamba akiguswa anaitika. Dawa ya maumivu iwe paracetamol. Asprini, ibuprofen na diclofenac, ambazo hununuliwa duka la dawa kama karanga, ziwekwe kando siku mbili za mwanzo kwa sababu ya hatari ya damu kuvuja.

Kuhusu mapumziko, zamani tulikuwa tukimfungia mgonjwa kwenye chumba chenye giza kwa siku nyingi. Sasa makubaliano ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 yanashauri mapumziko ya wastani ya saa 24 hadi 48, simu na televisheni vikipunguzwa sana katika muda huo, kisha shughuli nyepesi kama kutembea, zikiongezwa kidogo kidogo. Masomo hutangulia michezo. Kurudi uwanjani kuna hatua sita, kila hatua ikichukua angalau saa 24, na hatua ya kugongana na wenzake haifikiwi kabla ya dalili kwisha na mhudumu wa afya kuridhia. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili. Watoto na vijana huhitaji hadi wiki nne. Kijana wako kwenye wiki ya tatu hayuko nje ya kawaida, ila kufyeka majani juani hakukumsaidia, na hilo unalijua.

Beki Kisiki

Nimesoma maelezo ya daktari kwa heshima, lakini naomba niseme ambalo makocha watalisema wakiwa nje ya mkutano. Nimecheza mpira wa mchangani miaka kumi na minane, nimegongwa kichwani mara ambazo sizikumbuki, na leo nina familia na kazi yangu. Ukimtoa kila anayegongwa, mechi itamalizika na makipa wawili. Tena vijana wa siku hizi wakishajua kwamba kushika kichwa kunawapa ruhusa ya wiki tatu bila kufyeka, mwalimu ajiandae, maana darasa zima litakuwa na mtikisiko wa ubongo. Mpira ni mchezo wa kiume.

Filimbi Kongwe

Ndugu Beki Kisiki, ulipoandika kwamba umegongwa mara usizozikumbuka, nilitabasamu kidogo. Lakini hoja yako ya makocha nje ya mkutano ni ya kweli, na mimi niliyepuliza filimbi za mikoani kwa muda mrefu kabla ya kustaafu nimewasikia. Kwa hiyo Mwalimu, usiwapelekee makocha lugha ya hospitali. Wapelekee mpira.

Wakumbushe fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, Ujerumani na Argentina, uwanja wa Maracanã. Christoph Kramer, kiungo wa Ujerumani, aligongwa usoni na bega la Ezequiel Garay katika dakika za mwanzo. Alitibiwa, akarudi, akaendelea kukimbia kama wenzake. Baadaye kidogo alimfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama mechi ile ni fainali. Mwamuzi alidhani ni mzaha. Alipoulizwa tena, akamweleza Bastian Schweinsteiger, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Mbele ya madaktari na kamera zote za dunia, aliyegundua alikuwa mwamuzi, na aligundua kwa sababu ya swali la ajabu. Mwalimu, kijana wako alikuuliza swali lilelile. Tofauti ni kwamba Rizzoli alisikiliza mara ya pili.

Wakumbushe pia Loris Karius, kipa wa Liverpool kwenye fainali ya Ulaya ya mwaka 2018 kule Kyiv. Aligongwa na kiwiko cha Sergio Ramos, dakika chache baadaye akamrushia Karim Benzema mpira uliozaa bao la kwanza, na mwishoni shuti la mbali la Gareth Bale likampita mikononi. Tulimcheka kijana yule hadi tukachoka, vibandani na kwenye magurupu ya simu. Siku chache baadaye madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walimpima na kusema alipata mtikisiko wa ubongo ambao huenda ulivuruga uwezo wake wa kuona na kukadiria. Kocha anayedhani kumwacha mchezaji ndani ni kuisaidia timu atazame mabao yale mawili.

Sasa sheria. Bodi ya IFAB, inayotunga sheria za soka duniani, iliruhusu majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo kuanzia mwaka 2021, na tangu msimu wa 2024/25 yamo katika sheria kama chaguo la mashindano: timu inaweza kumtoa aliyegongwa bila kupoteza nafasi zake za kawaida za kubadilisha, na wapinzani nao hupewa mabadiliko ya ziada ili pasiwe na ujanja. Waandaaji wa mashindano ya kata yako wanaweza kukubaliana hilo kwenye kikao cha kabla ya mechi. Mkilikubali, kisingizio cha kocha kwamba ameishiwa wachezaji wa akiba kinakufa hapohapo.

Na kauli ya mwisho? Nakujibu kwa uzoefu. Isiwe ya mchezaji, kwa sababu ubongo uliotikisika ndio unaoulizwa kama umetikisika. Isiwe ya kocha peke yake, kwa sababu anataka pointi. Mteueni mtu mmoja kabla ya mechi, mwalimu wa kike au mwalimu wa afya asiye na timu pale, na mwamuzi atangaze mbele ya makapteni wote wawili kwamba akinyoosha mkono, mchezaji anatoka na harudi siku hiyo. Wenzetu wa raga wana msimamo huohuo: kwenye michezo isiyo na daktari, anayeshukiwa tu anatoka moja kwa moja.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Nimpe ndugu Beki Kisiki jibu fupi. Kupona kwa mtikisiko mmoja uliotunzwa vizuri ni jambo la kawaida, na sipendi mkutano wa wazazi ugeuke kuwa mkutano wa vitisho. Kinachotuogopesha ni wa pili kuja kabla wa kwanza haujapona. Kwa vijana, mara chache lakini kwa uhakika, pigo la pili huweza kusababisha uvimbe wa ghafla wa ubongo na kifo ndani ya muda mfupi.

Yapo pia madhara ya mapigo ya miaka mingi. Daktari Harrison Martland aliyaeleza kwa mabondia mwaka 1928, na mwaka 2002 daktari Mwafrika, Mnaijeria Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyekuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, akakuta alama za uharibifu ambazo kwa nje hazikuonekana. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005 na ligi ya kule iliyapinga kwa miaka. Ambao wamecheza na wako wazima kama wewe ni wengi, nami namshukuru Mungu kwa ajili yako. Ila hatuna namna ya kumtambua mapema ambaye hatakuwa kama wewe.

Mama Idrisa, Ottawa

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni Mtanga ninayeishi jimbo la Ontario, Kanada, na nimeguswa na uzi huu kwa sababu mji ninaoishi una historia yake katika jambo hilihili.

Mwaka 2013 binti wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya wasichana ya shule yake hapa Ottawa, aligongwa kichwani zaidi ya mara moja katika mechi zilizofuatana ndani ya siku chache. Baada ya pigo la mwisho alianguka na hakuamka tena. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba alikuwa amewaandikia rafiki zake kwamba kichwa kinamuuma na kwamba anahisi huenda ana mtikisiko wa ubongo, tena alikuwa ametafuta habari zake kwenye intaneti. Wazazi wake hawakujua, wala kocha hakujua. Jopo la uchunguzi lilitoa mapendekezo 49, na mwaka 2018 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyopewa jina lake.

Ninavyoiishi sheria hiyo mimi kama mzazi ni hivi: kabla mwanangu hajasajiliwa kwenye timu ya mpira, sisi wawili tunapaswa kusoma maelezo mafupi kuhusu mtikisiko wa ubongo na kuthibitisha kwa saini kwamba tumeyasoma, na mwaka unaofuata tunarudia. Mara ya kwanza niliona ni karatasi nyingine tu ya Wazungu, wanaopenda saini kuliko chakula. Kisha Idrisa akiwa na miaka kumi na mitatu akaanguka kwenye barafu, si uwanjani bali kituo cha basi, akarudi nyumbani akazima taa ya jikoni nikiwa napika. Nikaiwasha. Akaizima tena. Nilitaka kumgombeza, ndipo nikaukumbuka mstari mmoja wa karatasi ile kuhusu mwanga.

Hicho ndicho ninachotaka kukuambia, Mwalimu. Binti yule alishuku kabla ya mtu mzima yeyote. Wape maneno wanafunzi wenyewe, na uwape ruhusa ya kumsemea mwenzao, kwa kuwa rafiki ndiye anayeambiwa kwanza. Nusu saa ya wazazi ni nzuri, ila ningekuomba dakika kumi nyingine mstarini asubuhi.

Mhudumu wa Afya ya Jamii

Naunga mkono yote, lakini naona mazungumzo yetu yamebaki uwanjani, ilhali mimi ninayetembea nyumba kwa nyumba nakutana na vichwa hivi sehemu nyingine.

Nakutana navyo chini ya miembe na minazi. Nakutana navyo kijiwe cha bodaboda, ambako dereva ana kofia ngumu na abiria hana, au kofia iliyokwisha kuanguka na kupasuka imefungwa kwa gundi na inaendelea na kazi. Kofia huokoa maisha na huzuia fuvu kupasuka, watu waivae, ila dereva mmoja aliniambia kwamba kwa kuwa alikuwa ameivaa siku ya ajali, basi kupotea kwake njia alizozizoea miaka yote ni lazima amerogwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ubongo unaweza kutikisika ndani ya kofia. Mke wake alieleza vizuri kuliko kitabu: aliyetoka hospitalini ana sura ya mume wangu, ila mume wangu hakuwa akipigia watoto kelele kwa sababu ya mlio wa kijiko. Familia ilikuwa imekwisha tumia fedha kwa mganga, kichwa kikachuliwa na kufungwa kanga kwa nguvu.

Na nakutana navyo pale pasipozungumzwa. Wapo wanawake wanaoniambia wameanguka bafuni. Wana maumivu ya kichwa yasiyokwisha, wanasahau sufuria jikoni, wanalia bila sababu, na wakienda kliniki hupewa dawa ya malaria au kuambiwa ni mawazo. Hakuna anayewauliza kama wamegongwa kichwani, mara ngapi, na nani. Mwalimu, utakapozungumza na wazazi, sema "kugongwa kwa namna yoyote, mahali popote", na uiache sentensi hiyo ikae kidogo. Atakayeelewa ataelewa. Ukiona inafaa, taja kwamba Dawati la Jinsia lipo kituo cha polisi, na kwamba hospitali kadhaa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo mtu hutibiwa na kusikilizwa mahali pamoja.

Mwalimu wa Michezo, Kilosa

Nawashukuru wote, akiwemo ndugu Beki Kisiki, kwa kuwa sasa najua nitakachoulizwa.

Nimeamua hivi. Nazi nitakwenda nayo. Neno "dogo" nitalitamka mara moja tu ili nilieleze, kisha sitalirudia. Kauli ya kumtoa mchezaji amekubali kuichukua mwalimu wa biolojia, mama mmoja ambaye hata matokeo ya Simba na Yanga hayamsumbui, na kikao cha makocha kimekubali mabadiliko ya ziada ya mchezaji aliyegongwa, ingawa kocha mmoja aliomba yaandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alikuwa na mashaka. Daktari alinitumia ujumbe wa pembeni kuhusu maswali yaliyobuniwa na Waaustralia kwa ajili ya mchezaji aliyegongwa, nami nimeyaandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mfuniko wa sanduku la huduma ya kwanza: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Anayekosea mojawapo anatoka, na anayeyapata yote lakini haeleweki anatoka vilevile.

Mstarini nimekwisha zungumza, kama alivyoshauri Mama Idrisa. Nilieleza pia habari ya majani nyuma ya jiko, na nani aliyetoa adhabu ile. Kijana mwenyewe alikuwepo. Amerudi darasani kwa vipindi vitatu kwa siku, anakaa mbali na dirisha, na mwalimu wa hisabati humpa daftari la jirani yake anakili jioni kukiwa kimya. Maumivu yamepungua. Mechi ile ilimalizika sare ya bao moja kwa moja, na bao letu alilifunga yeye, dakika kama kumi kabla ya ile kona. Wenzake wamemsimulia mara nyingi jinsi alivyompiga chenga beki na kuweka mpira pembeni kwa mguu wa kushoto. Husikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha huuliza kipa alikuwa amesimama wapi.